Mabasi ya Mtwara na Lindi: panga safari yako kwa njia panda

Mtu anayekuja Kusini kwa mara ya kwanza huuliza basi gani ni zuri. Swali si baya, ila limekuja mapema. Kampuni iliyokuwa ikisifiwa juzi leo imepunguza magari, na iliyokuwa ikitukanwa imeleta mapya. Barabara ndiyo haihami. Mwenye kuzijua njia panda nne, yaani Nangurukuru, Mnazi Mmoja, Nanganga na Masasi, anaweza kupanga safari yoyote ndani ya mikoa hii miwili hata kama hajui jina la basi hata moja. Asiyezijua atakata tiketi ya gari zuri lenye kiyoyozi, kisha ashushwe gizani mahali ambapo haisi ya mwisho iliondoka tangu alasiri.

Basi tuanze na ramani, tiketi baadaye.

Hatua ya kwanza: jua njia yako inachepukia wapi

Barabara kuu inatoka Dar es Salaam kupitia Mbagala, Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana, Bungu, Kibiti na Ikwiriri, inavuka mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, inapita Somanga, inafika Nangurukuru, kisha Kiranjeranje, Mbwemkuru, Mchinga na Lindi mjini. Dar hadi Lindi ni kama kilometa 450. Hadi Mtwara ni kama 560. Lami tupu.

Vijana hawana habari na daraja hilo, wanalipita wakiwa wamelala. Lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea safari ya Mtwara ilikuwa ya kufungasha chakula cha siku kadhaa. Hata baada ya daraja, kipande cha kilometa 60 cha Ndundu hadi Somanga kilibaki udongo kwa miaka mingi, na ndicho kilichowapa wazee wetu hadithi za kulala porini. Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa huku huku, Lupaso, Masasi.

Nangurukuru ndiyo njia panda ya kwanza. Upande wa bahari unakwenda Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, upande wa bara unakwenda Liwale. Kivinje iko jirani, Masoko iko mbele zaidi, na anayetaka Kilwa Kisiwani kwenye magofu atavuka kwa chombo kutoka Masoko. Ukisema tu "nashuka Kilwa", konda atakuuliza Kilwa ipi, na ana haki ya kuuliza.

Mnazi Mmoja ndiyo kubwa kuliko zote. Iko Mingoyo, umbali mfupi baada ya Lindi mjini. Ukitokea Lindi, kushoto ni Mtwara kupitia Mikindani, kulia ni Masasi kupitia Mtama, Nyangao, Nanganga na Ndanda. Basi la Dar kwenda Masasi halifiki Mtwara kabisa, na la Dar kwenda Mtwara haligusi Ndanda. Wageni wengi wanadhani Masasi iko "baada ya Mtwara" kwa sababu ni mkoa mmoja, wanapanda gari la Mtwara, wanapita pale penye kona yao bila kujua, halafu kesho yake wanarudi njia ile ile.

Angalia pia majina yanayojirudia. Mnazi Mmoja ya huku siyo ya Dar. Mtama nazo ni mbili: kuna Mtama mji mdogo kwenye barabara ya Masasi, na kuna Somanga Mtama kule Kilwa. Ukiagiza mtu akupokee Mtama, taja na jirani yake.

Nanganga, kati ya Nyangao na Ndanda, ndipo inapochepuka barabara ya Ruangwa, ambayo kwa sasa ni lami kilometa 53 hadi Ruangwa mjini, na inaendelea kwenda Nachingwea.

Masasi ni njia panda ya nne na ndiyo mlango wa kila kitu cha ndani: Newala juu ya uwanda wa Makonde, Nachingwea na mbele yake Liwale, halafu Mangaka, Tunduru hadi Songea. Mtwara hadi Masasi ni kama kilometa 200. Mtwara hadi Songea inazidi 650, na kwa kuwa lami imekamilika, mtu wa Mtwara mwenye safari ya Njombe au Mbeya hana sababu ya kuzungukia Dar.

Newala ina mlango wa pili: kutoka Mtwara kupitia Nanguruwe, Nanyamba na Tandahimba. Kwenye ramani ndiyo fupi. Kilometa 50 za mwanzo, Mtwara hadi Mnivata, ni lami. Mbele yake, hadi Newala na Masasi, imekuwa ni ujenzi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, muulize dereva wa haisi ya Tandahimba siku hiyo hiyo barabara ikoje. Usimuulize wakala wa tiketi, yeye anauza.

Hatua ya pili: hesabu saa, ukianzia mwisho

Hapa ndipo safari nyingi za Kusini zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Basi linalotoka Dar saa 12 asubuhi, lisipoharibika, huingia Mtwara jioni. Mabasi yana kifaa cha kufuatilia mwendo na mwisho wao ni kilometa 80 kwa saa, kwa hiyo anayekuahidi kufika saa 7 mchana anakupamba. Muda wa saa tisa hadi kumi na moja barabarani ndio wa kweli. Lindi utafika jua likiwa limeshapita utosini, Nangurukuru kabla ya hapo.

Sasa anza na kituo chako cha mwisho, urudi nyuma. Tuseme unakwenda Liwale kupitia Nachingwea. Magari ya Nachingwea kwenda Liwale si ya kila nusu saa, na mengi hutoka asubuhi. Maana yake ni lazima ulale Masasi au Nachingwea, utake usitake. Ukilijua hilo tangu mwanzo, unatoka Dar kwa raha, unalala Masasi penye nyumba za wageni za kila bei, asubuhi unaendelea. Usipolijua, utamgombeza konda wa watu bure.

Kanuni ninayoitumia: haisi na Noah za vijijini zinafuata soko na hospitali. Asubuhi zinatoka vijijini kuleta watu mjini, mchana zinarudi. Ukifika njia panda baada ya saa 10 jioni, hesabu kwamba umechelewa, labda ukodi bodaboda. Kwa Mtwara na Lindi mjini, au Mtwara na Masasi, huna wasiwasi huo: kosta na haisi zinapishana mchana kutwa.

Tangu Oktoba 2023 LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliruhusu tena mabasi kutembea usiku, baada ya katazo lililodumu miaka mingi. Basi la usiku linafaa kama unakwenda mwisho wa ruti, Mtwara mjini au Masasi mjini, ambako ukifika alfajiri unakaa stendi kukipambazuka unaondoka. Kwa anayeshuka katikati, silishauri. Kushushwa Mnazi Mmoja saa 8 usiku na begi mbili na mtoto ni shida ya kujitakia.

Na jambo dogo linaloumiza wengi: tiketi ya mtandao huandika saa kwa mtindo wa 06:00 au 18:00. Hiyo 06:00 ni saa 12 asubuhi. Wapo wanaosoma "sita", wakafika stendi mchana.

Hatua ya tatu: kata tiketi

Ukiwa Mtwara, mabasi ya mbali yanapatikana stendi ya Mkanaledi. Ukiwa Dar, uliza kwanza gari linapakia wapi. Usidhani kila basi la mkoani lazima uliendee stendi kuu ya Magufuli kule Mbezi. Magari ya Kusini yana kawaida ya kupakia na kupitia upande wa Temeke na Mbagala, na mtu wa Mbagala anayekwenda Mbezi alfajiri kisha arudishwe Mbagala na basi lile lile amejichosha mwenyewe. Muulize wakala maneno haya haya: "Gari linaanzia wapi, linapita Rangi Tatu pale Mbagala saa ngapi, na mimi nitaruhusiwa kupandia hapo?"

Nauli usikadirie kwa kusikia. LATRA huweka kikomo kwa kila kilometa. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, kwenye lami. Barabara ya vumbi ina kiwango chake, kikubwa kidogo. Zidisha kwa kilometa 560 utaona Dar hadi Mtwara ilikuwa kama 27,100 kwa gari la kawaida na kama 38,000 kwa daraja la kati. Mtwara hadi Masasi, kawaida, haikufika 10,000. Viwango hupandishwa, kwa hiyo tazama vipya kabla ya kubishana, lakini hesabu ni ile ile. Kikomo maana yake wanaweza kukutoza pungufu, kuzidi hawaruhusiwi. Siku gari ziko nyingi na abiria wachache, punguzo lipo. Omba kwa adabu: "Mama, nipunguzie basi, tuko wawili."

Lipa ofisini au kwa simu, kwenye namba ya kampuni. Usimpe pesa mpiga debe aliyekudaka getini na kukubebea begi kabla hujamsalimia. Wengi ni watu wazuri tu wanaotafuta riziki, lakini tiketi anayokuandikia pembeni huenda ni ya siti ambayo ina mwenyewe. Kabla hujaondoka dirishani soma tiketi: jina lako, tarehe, namba ya gari, namba ya siti, unakotoka, unakokwenda, kiasi ulicholipa. Kama unashuka njiani, hakikisha kituo chako ndicho kilichoandikwa. Nauli ya kukatisha hata hivyo ina mgogoro wake: basi la Mtwara mara nyingi litakutoza nauli nzima ukishuka Nangurukuru, hasa msimu wa watu wengi. Wa Kilwa bora apande gari za Kilwa zenyewe.

Misimu nayo. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia hapo hadi Desemba pesa ziko mkononi mwa watu wa Kusini. Gari zinajaa, wafanyabiashara wanapanda na kushuka, malori yanamiminika kwenda bandari ya Mtwara. Ongeza sikukuu za Desemba na shule kufungwa. Kipindi hicho kata tiketi wiki moja au zaidi kabla. Miezi mingine, siku moja au mbili zinatosha. Idi pia usiichukulie poa, pwani hii yote inarudi nyumbani.

Hatua ya nne: chagua siti

Magari ya daraja la kawaida mengi ni mbili kwa tatu, ya juu yake ni mbili kwa mbili. Kama una miguu mirefu, tofauti ya bei utaisahau kabla ya Ikwiriri.

Kuhusu jua: njia inashuka kusini, na jua linalochoma ni la mchana likielekea magharibi. Ukitoka Dar asubuhi kaa upande wa mlango. Ukitoka Mtwara asubuhi kwenda Dar kaa upande wa dereva. Mapazia ya mabasi yetu mengi ni pambo tu. Upande wa mlango ukija Kusini una faida nyingine, bahari ya Mikindani utaiona vizuri kabla hujaingia Mtwara.

Usikae siti ya nyuma kabisa kama una mimba au mgongo mbovu. Usikae juu ya tairi kama una mzigo wa miguuni.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Fika nusu saa kabla. Mzigo wa buti ukiwekwa, usiondoke mpaka uone umewekewa alama na wewe umepewa kipande chake. Simu, dawa, pesa, kitambulisho na vyeti vya hospitali vikae kwenye begi la mkononi, tena begi la kupakata. Kwenye rafu ya juu weka nguo tu.

Mapema, kabla gari halijaondoka, mwambie konda unaposhuka, halafu mkumbushe kituo kimoja kabla. Kwa anayeshuka Nanganga: "Kaka, tukipita Nyangao nikumbushe, nashuka Nanganga." Kwa kuwa wengi wanalala, na yeye konda analala, weka na simu yako iangalie ramani.

Chakula: basi husimama mara moja kwa muda wa kueleweka, na dakika atakazotangaza konda ni chache kuliko foleni ya chipsi. Ukila wali kwenye hoteli ya njiani, lipa kwanza. Somanga ni mahali pa samaki, na watakuja dirishani wenyewe. Kula aliyekaangwa leo, ambaye bado ana moto. Mkuranga kuna mananasi. Korosho nunua Mtwara, Masasi au Lindi, siyo Mbagala. Mwezi wa Ramadhani hoteli nyingi za njiani hufungwa mchana, kwa hiyo mwenye mtoto au mgonjwa abebe chakula chake, na wanaofunga wabebe tende na maji maana magharibi inaweza kuwakuta mahali hakuna duka.

Kuchimba dawa: ukibanwa sema mapema, usisubiri. Dereva husimama penye choo akiambiwa robo saa kabla, akiambiwa ghafla atasimama penye kichaka. Akina mama, kanga ndani ya begi la mkononi ina kazi nyingi kwenye safari hii.

Wanaokwenda hospitali

Hili nalitenga kwa sababu sehemu kubwa ya abiria wa Masasi na Mtwara ni wagonjwa na wanaowauguza. Hospitali ya Ndanda iko kwenye barabara kuu, baada ya Nanganga ukitokea Lindi, kwa hiyo gari lolote la Mtwara–Masasi au Lindi–Masasi linakushusha. Nyangao nayo ni hivyo hivyo. Ukitokea Newala, shuka hadi Masasi kwanza, kisha pandia ya Mtwara au Lindi. Kwa Mtwara, Hospitali ya Ligula iko mjini, lakini Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, nje kidogo. Soma barua ya rufaa imeandika ipi kabla ya kumwambia bajaji "hospitali".

Kwa mgonjwa asiyeweza kukaa wima saa nyingi, kosta ni bora kuliko haisi, na siti ya mbele karibu na mlango ni bora kuliko zote. Iombe ofisini siku moja kabla, usingoje kuwaomba abiria waliokwisha kaa.

Masika

Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Lami ya barabara kuu haina shida na mvua ya kawaida. Shida ni makalavati na madaraja madogo ukanda wa Kilwa. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga, na abiria wa Dar wakabaki kati au wakazungushwa kupitia Songea. Kwa hiyo kuanzia Machi, kabla ya kwenda stendi piga simu ofisi ya basi uulize gari la jana lilifika saa ngapi. Jibu hilo linakueleza zaidi ya utabiri wowote.

Nangurukuru–Liwale na Nachingwea–Liwale ni udongo kwa sehemu kubwa. Wakati wa mvua ongeza siku nzima kwenye mipango yako, na ubebe maji.

Ukirudi Dar

Basi likitoka Mtwara alfajiri, litakuta foleni kuanzia Kongowe. Anayekwenda Kigamboni ashukie Kongowe akachukue daladala za Kibada na Mjimwema. Wa Temeke, Tandika na Kariakoo ashuke Rangi Tatu. Kungoja hadi mwisho wa ruti ni kwa wenye mizigo mikubwa tu.

Vifurushi, na gari likikukosea

Kama safari yenyewe ni ya kupeleka kitu tu, usisafiri. Peleka kifurushi ofisi ya basi, kifungwe mbele yako, andika jina na simu ya mpokeaji na yako, chukua risiti yenye thamani ya mzigo, na umtumie mpokeaji namba ya gari na saa ya kutoka. Risiti isiyo na thamani haina kazi mzigo ukipotea.

Ukizidishiwa nauli, ukishushwa kabla ya kituo au mzigo ukipotea, namba ya bure ya LATRA hubandikwa ndani ya basi. Ipige ukiwa bado umeshika tiketi, na uwe na namba ya gari. Tiketi ipige picha ukiikata, maana ya karatasi ikilowa jasho haisomeki. Samaki wabichi kwa kawaida hawapokelewi kama kifurushi. Waliokaushwa wanapokelewa, ila wafunge mara mbili.